Njaa ya Paris Ililipiwa na Nani?

Sisi tunaoandika, hasa sisi tulioishia kidato cha nne, tuna ugonjwa mmoja. Tunapenda mno kusikia kuwa mwandishi fulani mkubwa alikuwa maskini. Tukiambiwa alilala njaa, kiatu kimetoboka, akiandika usiku kwa koroboi, basi tunafarijika, tunaona kumbe na sisi tumo njiani. Mganga wangu mimi alikuwa Ernest Hemingway. Kitabu chake cha kumbukumbu za Paris, A Moveable Feast, kilichotoka 1964 yeye akiwa amekwisha kufa, nilikipata katika nakala isiyo na jalada, nikakirudia mara tatu. Niliamini kila neno. Ni baadaye, nilipokaa na kalamu kuhesabu fedha, ndipo nilipoona kwamba katika hadithi ile kuna mtu ameachwa nje ya mlango.

Hebu tuanze mwanzo. Mnamo Septemba 1921, huko Michigan, Marekani, Hemingway alimwoa Hadley Richardson. Bwana harusi alikuwa na miaka 22, bibi harusi alikuwa karibu anatimiza 30. Kijana huyu, ndugu msomaji, hakukanyaga chuo kikuu. Alimaliza sekondari mwaka 1917, akaenda moja kwa moja kwenye gazeti la Kansas City, kisha vitani Italia ambako alijeruhiwa mwezi Julai 1918. Kitabu hakuwa nacho hata kimoja. Hadley alikuwa mpiga piano, wazazi wake wamefariki, na alikuwa ameachiwa urithi uliomletea kama dola 3,000 kwa mwaka. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Waliingia Paris Desemba ya mwaka huo huo. Kwa nini Paris? Sababu ya kwanza haikuwa ushairi, ilikuwa faranga. Vita vimeinyonya Ufaransa, fedha yake imeanguka, na dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa faranga 12 hivi. Hemingway mwenyewe, akiwa mwandishi wa gazeti la Toronto Star, aliandika Februari 1922 kwamba Mkanada mwenye dola 1,000 kwa mwaka anaweza kuishi Paris vizuri na kwa raha. Alikuwa anaijua bei ya kila kitu, bwana yule.

Krismasi yao ya kwanza iliwakuta hotelini, wageni, hawana jamaa. Waandishi wa maisha yao husimulia kwamba siku hiyo walitoka kwenda kula katika mkahawa wa fahari, wakaagiza, wakala, na ilipoletwa hesabu wakaona fedha haitoshi. Hadley akabaki kitini kama rehani, mume akakimbia hotelini kuchukua nyingine. Nani kati yetu hajawahi kukaa hivyo mbele ya sahani tupu, akijifanya anatazama dirishani?

Januari 1922 walipanga nyumba namba 74, Rue du Cardinal Lemoine, juu ghorofani, karibu na uwanja mdogo uitwao Place de la Contrescarpe. Huo ulikuwa mtaa wa vibarua na walevi. Maji ya moto hayakuwamo. Choo kilikuwa nje, kwenye ngazi, tundu lenye mahali pa kukanyagia pande mbili, choo cha kuchuchumaa hasa kama vya kwetu uswahilini. Usiku yalipita magari ya kuvutwa na farasi kuja kunyonya vyoo. Asubuhi alipita mchunga mbuzi akipuliza filimbi, mama mmoja anashuka na sufuria, mbuzi anakamuliwa pale pale barabarani. Lo! Na sisi tulidhani Ulaya yote ilikuwa marumaru na taa.

Chini ya nyumba hiyo palikuwa na ukumbi wa dansi, ule ambao Wafaransa huuita bal musette: akodiani moja, meza chache, watu wa kazi ngumu wakizungushana mpaka jasho. Mke na mume walishuka kucheza. Mtaa wa namna hiyo haukungoja kalenda ili usherehekee, lakini kalenda nayo ilikuwapo: tarehe 14 Julai, ambayo ni sikukuu ya taifa la Ufaransa tangu 1880, watu walikuwa wakitoa viti nje na kucheza barabarani. Ukitaka kujua kwa nini sauti ya watu wa kawaida inasikika vizuri katika hadithi za mtu huyu, usitafute darasani. Ilikuwa inapanda kwa ngazi, usiku, pamoja na harufu ya choo.

Sasa tuhesabu. Kodi ya nyumba ile ilikuwa faranga 250 kwa mwezi, yaani kama dola 20. Urithi wa Hadley, dola 3,000 kwa mwaka, ni dola 250 kwa mwezi. Kodi basi haikufika hata sehemu moja ya kumi ya mapato ya mke. Walikuwa na mama mmoja Mfaransa aliyekuja kuwapikia na kusafisha. Walikwenda Uswisi kuteleza kwenye theluji. Na mume, ili asisumbuliwe, alikodi chumba kingine cha kuandikia huko Rue Descartes, katika nyumba ambamo mshairi Verlaine alifia mwaka 1896. Maskini gani huyu mwenye mpishi na ofisi?

Sisemi alidanganya tupu. Mwaka 1924 mambo yalikaza kweli. Alikuwa ameacha kazi ya gazeti, mtoto amezaliwa Oktoba 1923, na mtu aliyekabidhiwa fedha za Hadley kule Marekani alikuwa ameziwekeza ovyo. Wakati huo walikuwa wamehamia Rue Notre-Dame-des-Champs, nyumba yenye kiwanda cha mbao uani, msumeno unalia tangu asubuhi. Kuhusu siku hizo ndipo anaposimulia kwamba aliruka mlo wa mchana na kupita bustani ya Luxembourg kwa kuwa huko hakuna harufu ya chakula, kisha akirudi nyumbani anamwambia mkewe ameshakula. Naamini. Lakini aliyewasha moto nyumbani, aliyelea mtoto huku mume akishinda mkahawani na daftari na penseli, ambaye urithi wake ndio uliokuwa umepungua, ni Hadley. Katika kitabu njaa ni ya mume peke yake.

Mtoto huyo alibatizwa Machi 1924, na hii ndiyo sherehe yao inayonichekesha kuliko zote. Wasimamizi wa ubatizo, katika kanisa la Kiprotestanti, walikuwamo Gertrude Stein na mwenzake Alice Toklas, wanawake wawili wa ukoo wa Kiyahudi! Stein ndiye aliyekuwa mwalimu wa Hemingway, akimsomea miswada na kumwambia pasipo kuremba nini hakifai. Kwa Wafaransa ubatizo una utamu wake: hugawiwa lozi zilizopakwa sukari ngumu, mgeni haondoki mkono mtupu. Waamerika wale waliutaka mji mzima, na dini yake, na peremende zake.

Nimerukia mbele makusudi, maana kuna jambo la Desemba 1922 ambalo naogopa kuligusa. Hemingway alikuwa Lausanne, Uswisi, akiandikia magazeti habari za mkutano wa amani wa Waturuki na Wagiriki. Hadley akaamua kumfuata. Akidhani atamfurahisha, alifungasha ndani ya sanduku dogo karibu kila kitu alichowahi kuandika mumewe: mwandiko wa mkono, kurasa za taipu, na nakala za kaboni pia. Kwenye stesheni ya Gare de Lyon aliacha sanduku kidogo tu. Aliporudi halipo. Halikuonekana tena mpaka leo.

Kaboni, jamani! Angeacha kaboni tu! Zilipona hadithi mbili. Moja ilikuwa imetupwa ndani ya mtoto wa meza kwa kuwa Stein alisema haichapishiki, nyingine ilikuwa imetumwa kwa mhariri. Hemingway mzee alisimulia kwamba alipanda treni mara moja kurudi Paris kuhakikisha kwa macho yake; waliochunguza maisha yake wanatia shaka kama alikwenda kwa haraka hiyo. Kwa vyovyote, mwaka uliofuata rafiki yake Robert McAlmon alimchapia kitabu chake cha kwanza, nakala 300, kijitabu chembamba chenye hadithi tatu na mashairi kumi. Wachapaji wale walikuwa wadogo kama sisi wa kurasa hizi.

Watu wamemlaumu Hadley kwa sanduku lile miaka yote. Mimi nina swali jingine. Maneno yaliyopotea yalikuwa yameandikwa kwa muda uliolipiwa na nani?

Ndoa ilivunjika. Aliingia kati rafiki wa nyumbani, Pauline Pfeiffer, mtoto wa matajiri. Oktoba 1926 riwaya ya The Sun Also Rises ikatoka, imetabarukiwa kwa Hadley na mtoto wao, na mapato yake mwandishi akampa Hadley. Januari 1927 talaka ikatolewa. Hadley aliolewa tena mwaka 1933, akafariki 1979. Pauline ndiye aliyekuja na Hemingway huku kwetu, Kenya na Tanganyika, mwishoni mwa 1933, kuwinda. Safari hiyo gharama yake ilitolewa na ami yake Pauline.

Kutokana na safari hiyo ikazaliwa, mwaka 1936, hadithi yenye jina la theluji za Kilimanjaro. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya mlima. Isome tena. Mwandishi anakufa kwa donda la mguu lililooza, porini Tanganyika, huku akimtukana mkewe tajiri kwamba fedha zake ndizo zilizomwua kipaji. Na akili inapomhama, inakwenda Place de la Contrescarpe, kwenye ukumbi wa dansi chini ya nyumba, kwenye nyumba alimofia Verlaine. Anakumbuka kila jiwe la mtaa ule. Mwanamke aliyelipia kodi hamtaji kwa jina.

Mimi naishi na dada yangu, fundi cherehani. Chumba ninachoandikia kina mashine yake upande mmoja na meza yangu upande mwingine. Hajasoma hata ukurasa mmoja wa riwaya yangu, anasema atangoja iishe. Kodi ya miezi mitatu ameilipa juzi.