Fletcher, Lucille

Violet Lucille Fletcher (28 Machi 1912, Brooklyn, New York – 31 Agosti 2000, Langhorne, Pennsylvania) alikuwa mtunzi wa Marekani wa michezo ya redio, riwaya na filamu. Michezo yake miwili ya kutisha ni miongoni mwa iliyovuma zaidi enzi za redio, ingawa sifa nyingi ziliwaendea waigizaji na mtunzi wa muziki.

Maisha

Alihitimu Chuo cha Vassar mwaka 1933, kisha akaajiriwa na shirika la redio la CBS kama karani. Hapo alikutana na Bernard Herrmann, mwongoza okestra, wakaoana mwaka 1939, wakapata mabinti wawili na kutalikiana mwaka 1948. Mwaka uliofuata aliolewa na mwandishi wa riwaya Douglass Wallop. Hadi leo wengi hukutana na jina lake ndani ya wasifu wa Herrmann tu, kama mke wa kwanza.

The Hitch-Hiker

Kijana anaendesha gari kutoka Brooklyn kwenda California, na kila aendako anamkuta mtu yuleyule kando ya barabara akiomba lifti. Hatimaye anapiga simu nyumbani kwa mama yake. Anayepokea ni mtu mgeni, anayemwambia kuwa mama amelazwa kwa majonzi ya kufiwa na mwanawe. Aliyeuigiza mchezo huu redioni mwaka 1941 ni Orson Welles, muziki ukiwa wa Herrmann. Rod Serling alipouhamishia kwenye mfululizo wake wa televisheni, The Twilight Zone, mwaka 1960, dereva alikuwa mwanamke.

Sorry, Wrong Number

Mchezo huu ulirushwa na kipindi cha Suspense tarehe 25 Mei 1943, ukadumu nusu saa tu. Bibi Stevenson, mgonjwa asiyetoka kitandani, anampigia mumewe ofisini. Laini zinaingiliana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke usiku uleule, wakati treni inapopita ili mlio wake uzime ukelele. Anampigia opereta, anapigia polisi. Wote wanamjibu kwa adabu, na hakuna anayefanya lolote.

Ustadi wa Fletcher uko hapa: msikilizaji hana cha kushika isipokuwa sauti. Kuna kuzungushwa kwa namba za simu, mlio wa laini iliyo bize, sauti tulivu za maopereta, na upande wa pili mwanamke anayepandwa na hofu kila dakika. Tena hakumfanya apendeke. Bibi Stevenson ni mkali, mlalamishi, mwenye kuamrisha, na ndiyo maana anapuuzwa. Msikilizaji naye anachoshwa naye, kisha anaanza kuelewa, mapema kidogo kuliko mwenyewe, mwanamke anayekusudiwa ni nani. Mwigizaji Agnes Moorehead aliigiza nafasi hiyo tena na tena hadi mwaka 1960.

Fletcher mwenyewe aliandika mswada wa filamu ya mwaka 1948 iliyotokana na mchezo huu. Nafasi ya Moorehead ilichukuliwa na Barbara Stanwyck, aliyeteuliwa kuwania Oscar. Filamu inatoka nje ya chumba na kueleza mengi ambayo redio iliyanyamazia, na hofu yake imepungua kwa kiasi hichohicho.

Kazi nyingine

Maneno ya opera ya Herrmann, Wuthering Heights. Riwaya kadhaa, ikiwemo Blindfold (1960). Na mchezo wa jukwaani Night Watch (Broadway, 1972).

Umuhimu

Rekodi ya Sorry, Wrong Number ya mwaka 1943 iliingizwa katika orodha ya taifa ya rekodi za sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani kwa mwaka 2014.