Nani Atausoma Mswada? Kitereza, Kezilahabi na Hoja ya Fursa kwa Waandishi Chipukizi wa Mwanza

Kila inapofanyika semina ya uandishi jijini Mwanza, kuna hoja ambayo haikosi msemaji. Vijana wa Kanda ya Ziwa, inadaiwa, wana vipaji ila hawana habari: tuzo hutangazwa Dar es Salaam, wachapishaji wako Dar es Salaam, warsha zenye wakufunzi wa maana hufanyika huko huko au Nairobi, na taarifa zikifika ufukweni mwa ziwa dirisha limeshafungwa. Dawa inayopendekezwa ni kusambaza orodha za tuzo, tarehe za mwisho, anwani za wachapishaji na miongozo ya namna ya kuandika riwaya. Makala hii inashikilia kwamba dai hilo limepitwa na wakati, na kwamba hata lilipokuwa na ukweli halikugusa tatizo lenyewe. Kinachokosekana Mwanza ni mtu wa kuusoma mswada mpaka mwisho na kumjibu mwandishi kwa maandishi. Ushahidi unatoka Ukerewe, kisiwa kilichotoa waandishi watatu wakubwa ambao miswada yao ilipata bahati tofauti kabisa.

Taarifa zenyewe hazina uhaba. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Wizara ya Elimu kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, ilizinduliwa 2022, na washindi wake wa kwanza, wa riwaya na ushairi, walitangazwa Aprili 2023. Mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10, pamoja na ahadi kwamba kazi yake itachapwa kwa gharama ya serikali na kupelekwa shuleni. Tuzo ya Kiswahili iliyoasisiwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, kwanza kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye Safal-Cornell, imewatoa gizani watu ambao hawakuwa wakijulikana: Ali Hilal Ali na riwaya yake Mmeza Fupa, Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi, Dotto Rangimoto na diwani ya Mwanangu Rudi Nyumbani. Washairi wana pia Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, ambayo mashairi yake hukusanywa katika diwani na Mkuki na Nyota. Matangazo ya tuzo hizi huzunguka katika magrupu ya WhatsApp ya walimu wa Kiswahili kwa kasi ileile Ilemela ya Mwanza kama Ilala ya Dar es Salaam.

Anayetaka kujua kinachofuata baada ya tangazo na aende kwenye steshenari za Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Mwanafunzi anakuja na kaunta buku iliyojaa mwandiko wa kalamu ya bluu. Mchapaji anaipiga kwa malipo ya kila ukurasa, anasahihisha tahajia pale anapojua, faili linaingia kwenye flashi, kisha linatumwa kwa baruapepe. Kinachorudi ni ujumbe mfupi kwamba kazi imepokelewa. Miezi inapita, majina ya washindi yanasomwa, lake halimo. Hajui kama sura ya kwanza ilimchosha jaji, kama wahusika wake wote wanazungumza kwa sauti moja, au kama alikosa kwa alama mbili tu. Msimu unaofuata anatuma mswada uleule, umebadilishwa jalada.

Hiyo ndiyo hali inayopaswa kuelezwa, na maelezo ya uhaba wa taarifa hayaielezi.

Kuhusu ukuu wa Aniceti Kitereza, mkongwe kati ya waandishi wale watatu wa Ukerewe, wataalamu hawagombani, kwa hiyo hapana haja ya kukaa sana hapo. Alizaliwa 1896, akasoma kwa wamisionari na baadaye katika seminari ya Rubya, upande wa pili wa ziwa, ambako alipata Kilatini juu ya lugha nyingine alizokuwa nazo. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaosumbuliwa na kukosa mtoto. Watafiti Gerald na Charlotte Hartwig, na watafsiri Wilhelm Möhlig na Gabriel Ruhumbika, kila mmoja kwa njia yake, wamekwisha kuonyesha thamani ya kazi hiyo. Mgogoro uko kwingine: kwa nini riwaya iliyokamilika 1945 ilichapishwa 1980? Jibu lililozoeleka ni lugha. Kikerewe kina wasomaji wachache, mchapishaji asingerudisha gharama, basi. Jibu hili limerudiwa mno hata limekuwa kama methali, na kama methali nyingi, huwakinga watu na usumbufu wa kuhesabu miaka.

Ikihesabiwa, miaka inasema jambo jingine. Kitereza alikamilisha mswada miaka mitatu kabla ya East African Literature Bureau kuanzishwa, 1948, kwa kusudi la wazi la kuwakuza waandishi Waafrika. Shirika hilo lilitoa vitabu kwa Kiswahili na pia kwa lugha kadhaa za wenyeji wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni kweli kwamba lilitazama soko, na Kiluganda kina wasomaji wengi kuliko Kikerewe. Lakini hata hoja ya soko inakoma mara Kitereza mwenyewe anapoifasiri riwaya yake kwa Kiswahili, kazi aliyoifanya akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, baada ya kuambiwa kwamba kwa Kikerewe haitauzika. Kizuizi cha lugha kiliondolewa na mwandishi kwa mkono wake. Kitabu kiliendelea kusubiri.

Wala umbali si kisingizio kinachotosha. Reli ilifika Mwanza 1928. Mswada ungeweza kuvuka maji mpaka bandarini, ukapanda treni, ukaingia Dar es Salaam ndani ya siku chache. Tena haukukaa umefichwa. Padri Almas Simard, mmisionari aliyemhimiza Kitereza, aliufanyia kazi ya kuutafsiri kwa Kifaransa. Akina Hartwig, waliofika Ukerewe kwa utafiti wa historia mwishoni mwa miaka ya 1960, walihangaika kuutafutia mchapishaji, na 1972 wakachapisha makala kumhusu Kitereza katika jarida la Marekani la Research in African Literatures. Hapa pana jambo la kusikitisha lililopaswa kuzingatiwa zaidi na wahakiki: kuanzia mwaka huo msomi wa Texas aliweza kusoma kuhusu riwaya hii, huku mwalimu wa Nansio, kilomita chache kutoka nyumbani kwa mtunzi, akiwa hana pa kuinunua. Habari za mswada zilikuwa zimeshasafiri kupita bahari. Aliyekosekana ni mtu ndani ya shirika la uchapishaji, mwenye mshahara na wajibu, wa kuzisoma kurasa zile na kuandika: kichapwe, kipunguzwe hapa, au kisichapwe kwa sababu hizi.

Tanzania Publishing House ilipokitoa hatimaye, 1980, kilikuwa na kurasa zinazopita 600. Mtunzi alifariki 1981, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kukishika kitabu chake. Tafsiri ya Kijerumani ya Möhlig ilifuata kwa sehemu mbili, 1991 na 1993. Ile ya Kiingereza, ya Ruhumbika, ilitolewa na Mkuki na Nyota 2002.

Sasa na wawekwe kando ya Kitereza Wakerewe wawili vijana zaidi. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa 1938, alitoa riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru, London mwaka 1969, mwaka uleule aliohitimu udaktari Paris. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo 1944 na kusoma katika seminari ya Nyegezi, alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970. Mwaka uliofuata East African Literature Bureau ikatoa Rosa Mistika. Riwaya hiyo inaanzia Namagondo hiyohiyo, inazungumza waziwazi mambo ya ngono, na ilizuiwa kwa muda shuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kufundishia. Mchapishaji aliyehofia hasara angekuwa na sababu nzuri ya kuikataa. Hakuikataa. Ndani ya miaka minane iliyofuata Kezilahabi aliongeza Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, pamoja na mashairi ya Kichomi, yaliyozusha vita vya maneno kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko.

Tofauti kati ya watu hawa watatu haielezwi na kipaji, na kisiwa ni kilekile. Ruhumbika na Kezilahabi walikuwa vyuoni wakati miswada yao ya kwanza inaiva. Walizungukwa na walimu waliokuwa wakiandika, wanafunzi wenzao waliokuwa wakitoa majarida kama Darlite, lililoanza Dar es Salaam 1966, na watu ambao kusoma maandishi ya wengine na kuyakosoa kulikuwa sehemu ya siku yao. Kitereza alikuwa Kagunguli, kulekule kisiwani. Alikuwa na padri aliyempenda na wageni waliomheshimu, lakini heshima ya mgeni anayeondoka kwa meli haimsaidii mwandishi kujua sura ya tatu imelegea wapi.

Mpinzani makini atasema kwamba mswada wa Kitereza ulikuwa na tabu yake: ni mrefu, na unasimama kila mara kueleza dawa, kilimo, adabu za ukweni na namna ya kutengeneza pombe ya ndizi ambayo Myombekere anadaiwa ili arudishiwe mkewe. Mhariri wa miaka ya 1950 angeweza kukata theluthi nzima, na aliyekata angekuwa ameharibu sehemu zilezile ambazo leo wanahistoria na wanaanthropolojia wanazishukuru. Pingamizi hili lina uzito, na inawezekana ucheleweshaji ulikiokoa kitabu. Hata hivyo, mwandishi aliyeambiwa "punguza" anaweza kukataa. Aliyenyamaziwa hana la kukataa.

Kuna pingamizi jingine la siku hizi, kwamba simu imemwondoa mhariri njiani. Riwaya huuzwa kwa vipande katika WhatsApp na Facebook. Msomaji hutuma pesa kwa simu, hupokea sehemu inayofuata, na huandika hapohapo kama imemkera. Wapo wanaoishi kwa kazi hiyo, na wahadhiri wanaoidharau wangefaa kwanza kulinganisha idadi ya wasomaji wao na wa watunzi hao. Ila msomaji wa vipande anauliza nini kitatokea kesho. Hana sababu ya kusema kwamba sura ya tisa ilipaswa kuwa ya kwanza, maana ya tisa hajaiona na ya kwanza ameshaisahau.

Kazi ya kusoma miswada kwa niaba ya umma si ngeni Afrika Mashariki. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilipewa, pamoja na mengine, jukumu la kupitia lugha ya vitabu vya Kiswahili kabla ya kuchapwa na kuwapa waandishi ushauri. Iliifanya kazi hiyo kwa mkono mzito wa kikoloni: ilikuwa ikisanifisha, na Waswahili wa Mombasa na Lamu walilalamika, kwa haki, kwamba lugha yao inasahihishwa na wageni. Baadaye East African Literature Bureau ikaendesha mashindano, na ni katika shindano lake la mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo Muhammed Said Abdulla alipoibuka na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa duniani. Yafaa kutambua kwamba shindano lile liliendeshwa na chombo chenye wahariri, na mswada uliovutia ulikuwa na pa kwenda. Tuzo za leo zinachagua vizuri zaidi, zina majaji wasomi na fedha nyingi zaidi, lakini nyuma yake mashirika ya uchapishaji yamedhoofika. Tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe Taasisi ya Elimu Tanzania katika muongo uliopita, wachapishaji binafsi wamepoteza mapato yaliyokuwa yakiwalipa wahariri wa riwaya na mashairi. Tuzo ya taifa inaendeshwa na taasisi hiyohiyo. Yaani mkono mmoja unampa mshindi milioni 10, na mwingine, bila kukusudia, umeondoa meza ambayo wasioshinda wangekaa na mhariri.

Kinachopendekezwa hapa ni kidogo kwa gharama, na huenda ni kikubwa kwa matokeo. Miswada isiyoshinda tayari iko mikononi mwa waandaaji na imeshasomwa na majaji ambao maoni yao hubaki kwenye majalada. Kila mwandishi apewe ukurasa mmoja wa maoni hayo, bila jina la jaji. Kwa wale walio Mwanza, Mara, Geita na Kagera wanaoridhia, mswada urudishwe kanda: Maktaba ya Mkoa wa Mwanza ina vyumba, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kina wahadhiri wa Kiswahili, na mitaa ya jiji ina walimu wastaafu wa fasihi ambao hawajaulizwa chochote tangu walipokabidhi chaki. Walipwe kwa kila ripoti, kama wanavyolipwa wanaosahihisha mitihani ya taifa. Sehemu ya fedha zinazokwenda kwenye semina za siku moja, pamoja na mabango na chakula chake, ingetosha kuanzia.

Kama mpango huo ungeleta Kezilahabi mwingine, hakuna utafiti unaoweza kuahidi. Jambo linaloweza kupimwa ni dogo zaidi, na lingejulikana baada ya misimu miwili tu ya tuzo: ni miswada mingapi kutoka Kanda ya Ziwa inayotumwa mara ya pili ikiwa imeandikwa upya, na mingapi inarudi vilevile ilivyokuwa.