Ilani ya Gazeti Rasmi ndiyo ngao ya majengo ya kale

Jumba la kale mjini halilindwi na sheria kwa sababu tu ya ukongwe wake. Nchini Kenya, hupata ulinzi Waziri anayehusika na turathi, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, anapochapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1983. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1927. Jengo la umri wowote laweza kutangazwa, mradi lina thamani ya kihistoria. Likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha bila idhini ni kosa la jinai, hata kwa mwenyewe aliyelirithi kwa babu zake.

Wengi hudhani kwamba mji ukiorodheshwa na UNESCO, kama ulivyoorodheshwa mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, basi umesalimika. La hasha. UNESCO haina askari wala mahakama humu nchini. Inayoshtaki ni sheria ya Kenya.

Tatizo kubwa limo katika mgawanyo wa kazi. Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, ilhali upangaji wa miji na vibali vya ujenzi vikawa vya kaunti. Afisa wa kaunti asipoulizia Makavazi kabla ya kutia sahihi, tingatinga laweza kufika kabla ya ilani.

Isitoshe, sheria huadhibu ubomoaji kwa urahisi kuliko uzembe. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zimeezekwa kwa dari nzito za mawe na chokaa zilizobebwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya, boriti huoza, dari hushuka na kuta hufuata. Nyumba iliyorithiwa na ndugu wengi huachwa hivyo, kila mmoja akimngojea mwenziwe atoe fedha za fundi. Mwishowe hutangazwa kuwa hatari kwa wapita njia, na amri ya kuibomoa hutolewa kihalali kabisa. Ilani ya Gazeti Rasmi hukataza, hainunui chokaa.