Teke Likidakwa

Vijana wengi wa Kitengela na Magadi walikutana na kung-fu kwa mara ya kwanza kwenye vibanda vya video, DJ Afro akiwasimulia filamu kwa Kiswahili kilichojaa Sheng. Humo steringi hudaka teke la adui, akausokota mguu, na adui akapaa hewani. Ukweli wa ulingoni ni mfupi kuliko huo. Anayepiga teke amebakiwa na mguu mmoja chini. Mpinzani akilipokea teke kwa mkono, akaubana mguu ubavuni huku akisogea mbele, kisha akampiga mtama kwenye mguu anaosimamia, mpigaji anakwenda chini kwa mgongo. Yote hayo huisha kabla mtazamaji hajajua kilichotokea.

Ujuzi huu ni wa kale. Mnamo 1560 hivi, Jenerali Qi Jiguang wa China, aliyepigana na maharamia wa pwani, aliandika kitabu cha kijeshi kiitwacho Jixiao Xinshu. Humo aliwataja mabingwa wa mkono mtupu, kila mmoja na sifa yake: huyu kwa mateke, yule kwa kukamata, mwingine kwa kuangusha. Aliona kasoro kwamba kila bingwa ameshika upande mmoja tu, akataka fani hizo ziunganishwe. Kudaka teke na kuangusha ni muungano huohuo: mkono unakamata, mguu unafagia.

Baada ya karne nne China ikalirudia wazo hilo la kuunganisha fani kwa njia ya michezo. Mwaka 1979 yalianza majaribio ya sanda, pambano la ngumi, mateke na miangusho, na mwaka 1991 Beijing ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya wushu, yaani sanaa za mapigano za China, sanda ikiwa mojawapo. Sanda huchezwa juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8, lililoinuliwa sentimita 80 na lisilo na kamba. Teke likitua kiwiliwilini linaleta alama 2. Kumwangusha mwenzako nawe ukabaki wima kunaleta alama 2 pia. Usawa huo ndio uliokuza mbinu hii, kwa kuwa kila anayerusha teke anajua anaweza kulipa kiasi kilekile alichotaka kuvuna. Ndiyo maana wachezaji wa sanda hurudisha mguu haraka, na ukishadakwa huwahi kumshika mpinzani shingo ili wasiende chini peke yao.

Nchini Thailand, Muay Thai nayo huruhusu kudaka teke, ila mwenye kuushika mguu asiende nao mbali. Apige au aangushe.

Kwingine kanuni zimefunga mlango. Judo haina mateke, lakini ilikuwa na utajiri wa miangusho ya kukamata mguu kwa mikono. Shirikisho lake la dunia liliibana miangusho hiyo mwaka 2010 na kuipiga marufuku kabisa mwaka 2013. Naiona kuwa hasara, hata kwa Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alijenga judo tangu miaka ya 1990.

Nchini Kenya mchezo wa mateke uliotufikisha Olimpiki ni taekwondo. Mildred Alango na Dickson Wamwiri walikwenda Beijing mwaka 2008, na Faith Ogallo akashiriki michezo ya Tokyo. Katika taekwondo, kumshika mpinzani ni kosa linalompa yeye alama. Kijana anaweza kufika mbali sana kwa mateke bila mguu wake kudakwa hata mara moja katika shindano. Siilaumu taekwondo, kasi na urembo wa mateke yake vimezaliwa na kanuni hiyohiyo. Lakini ningependa makocha wetu waifundishe mbinu ya kudaka teke na kuangusha mazoezini, kwa sababu barabarani hakuna refa.

Na waanze na kuanguka kwanza. Ardhi ya Magadi ni ngumu na mikeka ya mazoezi ni ghali, na hatari kubwa ya mwangusho huu ni kisogo kugonga chini. Anayeanguka akunje kidevu kifuani, akunje mgongo, na asijishikilie kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika. Anayeangusha naye amshike mwenzake nguo au mkono mpaka atue.