Aproni Isiyo na Mfuko

Aproni yangu ya kwanza nilikatwa mshahara kuilipia. Ilikuwa nyeusi, imedariziwa jina la hoteli kifuani, na haikuwa na mfuko. Nilidhani fundi kasahau. Mhudumu mwenzangu, aliyekuwa na miaka sita pale, alicheka. "Mdogo wangu, fundi hajasahau kitu. Wanaogopa utaficha bakshishi." Bakshishi zote ziliingia kwenye kisanduku cha kaunta, ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa.

Usiku ule niliirudisha nyumbani niifue. Mama aliigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Sasa hela unaweka wapi?"

Mama ni mama lishe. Yeye hukaza kanga kiunoni juu ya gauni, na kwa kanga hiyo hiyo huepua sufuria, hufuta mikono, hupepea jiko la mkaa. Mauzo huyafunga kwenye pindo. Nimemwona mara nyingi akifungua fundo lile kwa meno, mikono yake imejaa unga. Ada yangu ya mtihani wa kidato cha nne ilitoka mle.

Swali lake halikuniacha. Nikaanza kusoma habari za nguo za kiunoni, nani alimfunga nani, na nani alijifunga mwenyewe.

Kujifunga kibwebwe, kwa mfano. Siku hizi ni maneno ya majukwaani, tunaambiwa tujifunge kibwebwe tujenge taifa na anayetuambia amevaa suti. Lakini kibwebwe ni kitu cha kushikika. Ni kanga au kitambaa kilichokunjwa, kikazungushwa kiunoni na kukazwa barabara, mwanamke anapoingia kwenye kazi nzito au kwenye ngoma. Hakuna anayekukabidhi kibwebwe. Unajifunga.

Haikuwa hivyo kwa merikani. Katika karne ya 19 nguo hii nzito, isiyopaushwa, ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1833 Seyyid Said na Marekani wakatiliana saini mkataba wa biashara. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa na viwanda vya New England, ikavuka bahari, ikaishia kwenye viuno vya watumwa wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mtumwa hakuichagua. Alipewa na bwana wake. Wanawake wengine waliitia nili ikawa kaniki, nyeusi au buluu nzito. Naamini hapo ndipo walipoanza kuifanya iwe yao.

Leso ilikuja kwa njia nyingine. Jina lake ni la Kireno, la kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakaunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona biashara iko hapo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Ndiyo kanga, na wengi husema jina lilitokana na madoa kama ya yule ndege. Mwaka 1897 amri ya kufuta utumwa ilipotolewa Zanzibar, waliokuwa watumwa walianza kuacha merikani na kaniki, wakanunua kanga kwa pesa zao. Baadaye kanga ikapata maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na nguo ya mwilini ikaanza kumjibu jirani.

Aproni yenyewe ilituingilia kwa mlango wa jikoni. Neno la Kiingereza lilitoka kwenye Kifaransa likiwa na herufi n mwanzoni, Waingereza wakaipoteza njiani kwa kulisikia vibaya. Katika nyumba za wakoloni mpishi aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu, na sare yake ilichaguliwa na mwajiri.

Nisiionee aproni, lakini. Mchomeleaji anaihitaji ile ya ngozi, na muuza nyama bila aproni simnunui. Kanga ni nguo nyepesi ya pamba. Ya mama ilishika moto mara moja kwenye jiko, na alama ingali pajani mwake. Nilipomkumbusha alisema aproni ni nzuri sana, tatizo ni moja tu.

Akachukua kanga yake kuukuu, akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akampelekea fundi cherehani wa jirani. Asubuhi aproni yangu ilikuwa na mfuko kwa ndani, upande wa kushoto, mwekundu wenye maua meupe. Niliuvaa miezi minane. Mgeni akinipa noti mkononi na kunitazama machoni, noti hiyo haikufika kaunta. Sijui kama nilikuwa mwizi. Mama hakuwahi kuniuliza hilo, na si mtu wa kuacha kuuliza.

Nilipoacha kazi nilitakiwa kuirudisha aproni. Ndiyo, ile ile niliyokatwa mshahara. Usiku wa mwisho nilikaa na wembe nikafumua mfuko, uzi mmoja mmoja, nisiharibu kitambaa. Kwenye kona kulikuwa na shilingi mia mbili niliyoisahau. Mama aliitia kwenye pindo, akafunga.