Diploma peke yake haikufanyi avoka: somo la Kilwa

Wandugu, nilipomaliza lisansi ya sheria hapa Lubumbashi, nilirudi kwetu Kilwa, pembeni ya ziwa Mweru, karibu kilometa 350. Mama jirani akanipokea: «Maître, karibu!» Haya ikanishika. Nikamujibu: «Mama, bado. Niko na diploma tu.» Akashangaa: «Miaka yote ile, na bado?»

Bado kweli. Na iko na historia yake.

Wakati wa Wabelgiji, kutetea watu mbele ya mahakama kubwa ilikuwa kazi ya Wazungu. Lovanium ilifunguliwa 1954, chuo cha Élisabethville 1956, lakini uhuru ulifika 1960 bila wanasheria wetu wa kutosha. Marcel Lihau, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kusoma sheria, alimalizia masomo Louvain kisha uhuru. 1968 akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu.

Sheria inayopanga kazi ya avoka ni ile namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Inaomba uraia, lisansi ao daktari ya sheria, mwenendo mwema, kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, na staji ya miaka 2 chini ya avoka mwenye uzoefu. Usichanganye na mtetezi wa mahakama (défenseur judiciaire): huyo anasimama mbele ya mahakama za chini, lakini mbele ya Mahakama ya Rufaa hapana.

Kwa nini hiyo inatuhusu sisi bana Kilwa? Mwezi wa Oktoba 2004 jeshi lilirudisha Kilwa kutoka kwa kikundi kidogo cha waasi, na kufuatana na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 70 walikufa. Magari ya kampuni ya madini Anvil Mining yalitumiwa na askari. Kesi ikapelekwa mahakama ya kijeshi Lubumbashi. Tarehe 28 Juni 2007, washitakiwa wote, pamoja na watumishi 3 wa kampuni, waliachiliwa kwa mambo ya Kilwa. Huko Canada pia kesi ilikataliwa 2012.

Lakini dosie haikufungwa. Shirika la ACIDH la Lubumbashi na wenzake waliipeleka mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Uamuzi ulitangazwa 2017: Serikali ilikuwa na kosa, ilipe dola milioni 2,5 kwa waathirika 8. Toka 2004 mpaka 2017 ni miaka 13. Bila mtu wa kubeba karatasi zile mwaka kwa mwaka, zingelala mu sanduku.

Miye niko mwaka wa pili wa staji. Patron ananipa pesa ya transport tu, na kuna siku natembea kwa miguu. Naandika barua, nabeba dosie, nasikiliza wakubwa wakitetea. Zamani niliona miaka 2 ni kupoteza wakati. Leo najua kwamba chuo kilinifundisha sheria, lakini namna ya kukaa na mjane asiyejua kusoma mpaka ushahidi wake uandikwe vizuri, hiyo nimeifunza hapa tu.

Mama jirani atangoja kidogo. Siku ya kumaliza staji nitamutumia picha.