Mtumwa wa Carthage na Daktari wa Karema

Mwanafunzi wa fasihi hajamaliza hata kutofautisha dhamira na maudhui, tayari ameshapewa Aristotle. Akitoka hapo anapewa Sofokile, ambaye wengi wetu tulimsoma katika Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971. Tunameza, tunafaulu mtihani, tunasahau. Nami ningesahau, ila nilipata nafasi ya kwenda ng'ambo muhula mmoja kusoma Kilatini na fasihi ya Warumi. Nilipopeleka habari nyumbani Mpanda, baba mdogo alinitazama weee, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hicho Kilatini utamtibu nacho nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini neno lake la kutibu lilinikumbusha Karema, huko huko kwetu Katavi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman.

Huyu bwana hakuwa Mzungu, wala hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, ambako mapadri walimnunua na kumpa uhuru. Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo kwamba Waafrika wasomeshwe udaktari, kisha warudi Afrika kutibu na kufundisha dini. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma udaktari huko hadi mwaka 1888. "Warudi Afrika," eti! Afrika aliyorudishwa ilikuwa mbali kabisa na ile aliyozaliwa. Alioa Karema, akatibu watu Karema, akapitiwa na Wajerumani na Waingereza, TANU ikaanzishwa yeye yupo, akafariki mwaka 1956. Miaka 67 hivi kazini.

Sasa Warumi wanaingiaje? Lavigerie tangu mwaka 1884 alikuwa Askofu Mkuu wa Carthage. Na Carthage, kwa maelezo ya Suetonius, ndiko alikozaliwa Terentius, mtunzi wa tamthiliya za kuchekesha wa karne ya pili kabla ya Kristo. Huyu naye alikuwa mtumwa. Seneta mmoja wa Roma alimsomesha, kisha akampa uhuru. Walimwita Afer, yaani mtu wa Afrika (tusikimbilie kusema alikuwa mweusi, jina hilo halithibitishi). Aliandika tamthiliya sita, na zote sita zipo mpaka leo.

Wapo watakaosema nalazimisha ulinganisho. Mmoja mchekeshaji, mwingine daktari. Kati yao miaka zaidi ya elfu mbili. Nakubali. Lakini hebu mhakiki atazame kila mmoja amesema nini juu yake mwenyewe. Terentius, katika dibaji za tamthiliya zake, anajibizana na mahasimu wake wa uandishi: nani kamwibia nani, nani kaharibu mchezo wa nani. Juu ya utumwa wake, kimya. Habari hiyo twaipata kwa mtu mwingine. Atiman, kinyume chake, aliandika tawasifu, na ndani yake anasimulia kutekwa kwake yeye mwenyewe. Mtu aliyewahi kuwa bidhaa anageuka kuwa msimulizi. Mimi naona hapo ndipo elimu ya ng'ambo ilipomfaa kuliko hata kwenye dawa.

Hata hivyo kuna doa. Tawasifu hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1946, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jarida lile lilisomwa na maofisa wa serikali ya kikoloni na wenzao wasomi. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa kumpeleka kwa Atiman hakuwa msomaji wake. Kwa hiyo alipata sauti, lakini waliokaa naye karibu hawakuisikia kwa njia hiyo.

Nilimweleza baba mdogo yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Atiman alirudi na dawa," akasema, "tena akakaa." Fomu nimeijaza, ila ile sehemu inayouliza ukimaliza utafanya nini, bado iko wazi.